Sheria Haimjui Mtoto wa Ubatizo

Alhamisi, 27 Oktoba 2011

Leo nimevaa tai. Sivai tai kwa mambo madogo. Nimekwenda Thibodaux kwa wakili, Bi Camille Zeringue, kufungua kesi kwa ajili ya marehemu Parrain wangu.

Parrain ndivyo tunavyomwita baba wa ubatizo huku kwetu Louisiana, kwenye miwa. Wangu alikuwa Lastie Naquin. Alinishika kichwa juu ya maji ya baraka, na mama yangu alipofariki, na baba akaenda kwenye visima vya mafuta baharini akasahau njia ya kurudi, Parrain akanishika na mengine yote. Viatu, homa, shule, bakora. Nilikuwa na miaka sita. Sasa nina arobaini na tano na bado naishi uani kwake, natengeneza injini za watu. Zinazokubali kutengenezeka.

Mwaka jana, msimu wa kuvuna miwa, lori la kampuni moja liliachwa katikati ya barabara kwenye ukungu. Bila taa. Bila alama yoyote. Parrain akaja na pikapu yake, anakwenda kununua mkate. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Kampuni inasema mzee alikuwa haoni vizuri, kosa ni lake mwenyewe. Haoni! Mtu aliyekuwa akimwona kamba wa mtoni ndani ya matope!

Nikamwekea wakili ushahidi mezani. Cheti changu cha ubatizo. Mshumaa wangu wa ubatizo (umepinda, umepitia viangazi vingi). Picha ya Parrain amenibeba, nalia. Nikasema familia ni mimi, tufungue kesi. Bi Camille akavitazama vyote kwa heshima, akauliza kama nina kitu kingine. Nikamtolea ile kanzu ndogo ya ubatizo. Kumbe alimaanisha kitu kingine kabisa.

Akanieleza sheria ya Louisiana taratibu, kama mtu anayelisha mtoto uji. Wanaoruhusiwa kudai fidia ya marehemu aliyeuawa na uzembe wa mtu ni mke au mume, na watoto. Hawapo? Wazazi. Nao hawapo? Kaka na dada walio hai. Hao nao hawapo? Babu na bibi. Mstari umekatika hapo. Na mtoto ni wa kuzaa au wa kuasili mahakamani. Mtoto wa ubatizo hamo.

Nikauliza: hata mwisho kabisa, baada ya bibi? Hata baada ya bibi.

Nikauliza, na mpwa je? Nilikuwa namfikiria Percy Naquin wa Houston, mtoto wa marehemu kaka yake Parrain, aliyekuja mazishini na miwani ya jua akalia kwa sauti kunishinda. Mpwa naye hamo. Ah! Kumbe sheria ina akili kidogo.

Parrain hakuoa wala hakuzaa. Amebaki dada mmoja tu, Shangazi Odile, miaka sabini na minane. Dunia nzima ni yeye peke yake anayeweza kutia sahihi. Na mwaka unatimia Ijumaa ya wiki ijayo. Ofisi ya mahakama ikishafunga siku hiyo, hakuna tena wa kufungua kesi, na litabaki neno la kampuni: mzee kipofu, kosa lake.

Shangazi Odile amenuna tangu Pasaka, nilipomtengenezea mashine ya kukatia majani ikala mawaridi yake yote. Si neno. Nina mpango.


Ijumaa, 28 Oktoba

Mpango: tumbo kwanza, karatasi baadaye. Nimenunua soseji za wali, zile za moto, fungu kubwa. Nilipofika kwake fungu lilikuwa dogo kidogo. Barabara ni ndefu na harufu ile si ya mchezo.

Nikamvika kilemba cha ukoka. Nikamwambia anazidi kuwa msichana. Akasema amezeeka vizuri tu, na nusu ya mvi zile nimezileta mimi. Akala soseji moja, akafuta vidole. Nikaona sasa ndipo, nikatoa karatasi ya wakili.

Akavaa miwani. Akasoma midomo ikicheza. Akarudia. Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikanifikia. Akasema hatii sahihi. Hawezi kula kiapo juu ya maneno yale. Ana miaka yake michache iliyobaki na roho moja tu. Nikamwambia ni kwa ajili ya Parrain. Akasema ndiyo maana. Ndiyo maana nini? Akaniambia niende nyumbani nikafikiri, kama ninacho cha kufikiria.

Nimefikiri njia nzima. Ni mawaridi tu! Mwanamke anamwadhibu kaka yake kaburini kwa sababu ya mawaridi!


Jumapili, 30 Oktoba

Sikulala vizuri, na katika kugaagaa huko nikapata wazo la ajabu. Kama mwenye haki ni dada, basi nikimwoa dada, haki si itahamia nyumbani kwangu? Nikashangaa kwa nini mawakili hawajaliona hili.

Baada ya misa nikamfuata barazani kwake. Suti. Mafuta ya nywele. Maua ya dukani, tena mawaridi, maana ndiyo yaliyokuwapo. Nikapiga goti na kusema yangu.

Loo! Alicheka mpaka akashika nguzo. Akamwita jirani yake aje nimwombe tena, asikie kwa masikio yake. Akasema amenibadilisha nepi kwa mikono ile ile ninayoiomba. Akauliza siku ya harusi ni nani atamshika nani kushuka ngazi za kanisa. Na mimi wakati huo goti limekataa kunyooka, niko pale chini kama nabembeleza kweli.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama nimekula. Nikasema sijala tangu jana, na hilo halikuwa hila. Akaniinua kwa kwapa, akanipeleka mezani, akaniwekea gumbo, ule mchuzi wetu mzito, ya bata na soseji juu ya wali. Nikala sahani mbili kwa huzuni. Ya tatu nikaila kwa sababu ilikuwapo.

Jioni nikakutana na Bi Camille kwenye kituo cha mafuta, nikamwuliza kijanja kuhusu rafiki yangu fulani anayetaka kumwoa dada wa marehemu. Kahawa ikampalia. Alipopata pumzi akasema mume wa dada ni shemeji, na shemeji hamo. Akaomba nimwambie huyo rafiki yangu apake goti barafu.


Jumatatu, 31 Oktoba

Kesho ni Watakatifu Wote. Wiki hii yote watu wamekuwa makaburini na ndoo, wanapaka chokaa, maana hapa kwetu mtu haachi wafu wake wakiwa wachafu siku ya kesho. Kaburi la familia ya Naquin, lililojengwa juu ya ardhi kama kijumba, hulipaka Shangazi Odile mwenyewe kila mwaka. Mwaka huu magoti hayamruhusu. Nimepita leo nikaliona. Makaburi yote yanang'aa, la Parrain limeota ukungu wa kijani, limekaa katikati yao kama mtu asiye na watu.

Liliniuma. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: liliniuma sana.

Lakini pia ni mpango. Nitalipaka kimya kimya. Kesho atakuta kazi imekwisha, moyo utalainika, sahihi itatoka. Nilikuwa na ndoo ya rangi aliyonipa mwenye saluni ya mjini badala ya malipo ya kiyoyozi. Haina karatasi ya jina, lakini nimeichungulia. Nyeupe. Nimepaka jua likizama na ukungu ukiingia, mikono miwili, kuta zote nne na juu. Nimelala nikiwa mtu mwema.


Jumanne, 1 Novemba

Ya waridi.

Si nyeupe. Ya waridi! Ya keki! Jua limetoka, ukungu umeinuka, na katika makaburi yote ya parokia, meupe, meupe, meupe, limesimama moja la waridi linaloonekana kutoka barabara kuu. Watoto walikuwa wanalionyeshea vidole. Padri Hymel alikuwa anapita na maji ya baraka akinyunyizia kila kaburi. Alipofika kwetu akasimama, akameza mate, akanyunyizia mara mbili.

Ndipo akaja Shangazi Odile na mishumaa yake na kofia ya misa. Nikajiambia: Ovey Pitre, leo unazikwa hapa hapa, nafasi ipo. Akasimama mbele ya kaburi. Akaligusa. Halijakauka. Akakitazama kidole chake cha waridi.

Akasema Lastie hajawahi kupendeza hivi tangu azaliwe. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, nami nikashindwa kujizuia. Tukalia pale mbele ya watu wote. Nikamwambia mambo ambayo sikuyapanga. Kwamba namkumbuka Parrain mpaka nashindwa kupumua. Kwamba kila asubuhi bado nachemsha kahawa ya watu wawili, na kikombe kimoja namwaga. Nikamwomba, kama ni mawaridi, nitampandia mengine, shamba zima, lakini asimwache Parrain aitwe kipofu kwa ajili ya mawaridi.

Akauliza mawaridi gani.

Yako! Yaliyoliwa na mashine! Akasema Mungu anisamehe kwa kichwa hiki. Alishayasahau mwezi wa tano. Kununa ni sura yake tu.

Kisha akanieleza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Karatasi ile inasema marehemu hakuacha mke, wala mtoto, wala mzazi, na kwamba Odile ndiye peke yake aliyebaki. Ainue mkono mbele ya Mungu aseme Lastie hakuacha mtoto!

“Na huyu aliyepaka kaburi rangi ya keki ni nani?” akasema. “Ametoka wapi? Si ni mtoto wa Lastie?”

Akasema kaka yake kwa miaka yote ile, akiwa nami alikuwa ananiita mvivu na punda na balaa, lakini nikishatoka tu, ni mwanangu amefanya hivi, mwanangu amekula, mwanangu amechelewa kurudi. Akasema kaka yake ameuawa mara moja na lori, yeye hatamwua mara ya pili kwa kumfutia mwanawe.

Nilikaa juu ya kaburi la jirani. Familia ya jirani ilikuwapo na wakanisogezea nafasi. Mwanangu. Hakuniambia hata siku moja, yule mzee. Hata siku moja!


Jumatano, 2 Novemba

Asubuhi na mapema kwa wakili. Nikamweleza Bi Camille kwamba Shangazi Odile hawezi kuapa uongo, na uongo wenyewe ni mimi. Akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Akasema linarekebishika. Sheria inauliza kuhusu mtoto wa kuzaa au wa kuasili, basi karatasi iseme hivyo hivyo: hakuacha mtoto wa kuzaa wala wa kuasili mahakamani. Hapo hakuna uongo. Na chini yake hakuna kinachozuia kuongeza sentensi moja ya ukweli. Nikajitolea kuiandika. Nikaandika ukurasa na nusu, na katikati nikapenyeza, bila kishindo, kwamba nami ni mdai wa pili. Akaukata wote. Akasema sentensi ataandika yeye.

Shangazi Odile amesema sawa, lakini kuhusu dhambi haamini wakili, anataka Padri Hymel. Nikampeleka kwa padri. Padri akaisoma, akasema haoni dhambi yoyote. Akaongeza kwamba kuhusu rangi ya kaburi anaendelea kusali.


Ijumaa, 4 Novemba

Siku ya mwisho. Leo au basi.

Sahihi ilipangwa saa nane mchana, ofisi ya mahakama inafungwa saa kumi na nusu. Muda tele. Tukaondoka na pikapu yangu, Shangazi Odile na kofia yake, viatu vya misa, mkoba magotini. Njiani, malori ya miwa. Foleni isiyo na kichwa wala mkia. Mtu mwingine angesubiri. Mimi naijua njia ya mkato.

Njia ya mkato inapita katikati ya shamba. Mvua ilinyesha jana. Sijui kwa nini sikuiweka mvua kwenye hesabu. Pikapu ilikwenda vizuri, kisha ikaenda polepole, kisha ikakaa. Tope mpaka kwenye milango. Shangazi Odile akauliza njia hii nimeonyeshwa na nani. Nikasema nimeigundua mwenyewe. Akasema ndivyo alivyodhani.

Nikasukuma. Nikaanguka. Nikasukuma tena. Saa tisa ikapita. Kila nikiinua kichwa namwona kwenye kioo, amekaa wima, anasali rozari na kutazama saa, na mimi najua kwamba nimemwua Parrain mara ya pili kwa mikono yangu mwenyewe, kwa ujanja wangu huu huu. Nikakaa kwenye tope nikasema kwa sauti: Parrain, nisamehe. Nililia kama mtoto na sioni aibu kuandika.

Trekta! Bwana Rodrigue wa shamba lile, anavuta tela la miwa. Hakuuliza maswali, hapa kwetu kila mtu alimjua Lastie. Akamkalisha Shangazi Odile pembeni yake, mimi nikapanda juu ya miwa, tukashika njia ya pembeni ya mfereji tukaingia Thibodaux hivyo hivyo, katikati ya mji. Watu walipiga makofi, wakidhani ni sherehe za mavuno. Shangazi akawapungia mkono.

Tulifika milango ya mahakama ikiwa bado wazi, ila karani alikwishavaa koti lake. Bi Camille alikuwa anatembea huku na huku ukumbini, rangi imemtoka. Akaisoma karatasi kwa sauti haraka haraka, lakini ile sentensi akaisoma polepole: kwamba marehemu alimlea Ovey Pitre, mtoto wake wa ubatizo, tangu utoto mpaka siku ya kufa kwake, na alimwita mwanangu.

Akanionya kwamba mawakili wa kampuni huenda wakataka ifutwe. Kwamba hainipi haki yoyote wala senti moja. Nikasema nimeelewa, aisome tena. Akaisoma tena. Nikaomba mara ya tatu. Shangazi Odile akasema nipishe kabla ofisi haijafungwa, akainua mkono, akaapa, akatia sahihi kwa herufi kubwa. Muhuri ukagongwa. Sasa kampuni itasimama mahakamani ieleze ni nani aliyeacha lori bila taa.

Karani akanipa karatasi ya kufutia uso. Nilikuwa nimejaa tope na majani ya miwa kichwani, naye akasema pole kwa msiba wa baba. Nikasema asante.


Jumamosi, 19 Novemba

Nimejifunza somo kubwa katika mambo haya, nami naliandika ili lisipotee: mtu ajipange mapema! Kosa letu mimi na Parrain lilikuwa kuchelewa. Basi nina mpango, mzuri kuliko yote.

Shangazi Odile ataniasili. Nimemwuliza Bi Camille: mtu mzima anaweza kuasiliwa, wote wawili wakikubali na jaji akiridhika. Nikishakuwa mwanawe mahakamani, siku Shangazi akigongwa na lori, mimi ndiye wa kwanza mstarini! Hakuna wa kuniuliza mimi ni nani. Percy atajijua na miwani yake.

Nikamweleza leo jikoni kwake, wazi wazi, kibiashara. Nadhani nilitaja kugongwa mara nyingi kidogo. Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Nikajua nimeharibu.

Kisha akasema yeye alikwisha kwenda kwa Bi Camille tangu Jumatatu, akapanda basi la parokia, akaomba hilo hilo. Alikuwa ananisubiri nikue kwanza, lakini anaona itachukua muda, na magoti yake hayasubiri. Akasema hataki tena mtu wangu afe nami nisimame kando nikiambiwa simo. Akasema pia alimwuliza wakili jambo la pili: na Ovey akitangulia, je? Hana mke, hana mtoto. Nani atamsemea? Wakili akamjibu: mzazi. Yaani yeye. Akasema basi, hilo ndilo alilotaka kusikia. Akanishika shavu na mkono wake wa baridi, akaniambia ninywe kahawa.

Nimenywa. Nimetia sahihi pale pale, kabla hajabadili mawazo. Lakini njiani kurudi nikaanza kuyapima. Kwa nini aliulizia kifo changu? Mwanamke wa miaka sabini na minane, ananihesabia mimi nitangulie! Ameona mstari, akajiweka mbele. Na mimi nikaingia kichwa kichwa, tena nikamshukuru!

Hanipati ng'o. Kuanzia kesho nafunga mkanda, naacha chumvi, nalala mapema. Nitaishi mpaka achoke kunisubiri. Mjanja sana, huyu mama yangu.